Rekodi ya kura ya mbunge: usidanganyike na kelele

Ukitaka kumpima mbunge wa Kenya kwa kura zake, fungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, lakini jua kwamba mambo mengi hupitishwa kwa sauti. Spika husikiliza "ndiyo" na "la", kisha hutangaza upande ulioshinda. Hapo jina la mtu haliandikwi. Majina hupatikana tu kura ikipigwa mmoja mmoja, kama Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106.

Angalia pia hatua yenyewe. Kuunga mswada unaposomwa mara ya pili ni kukubali wazo kwa jumla. Kwenye Kamati ya Bunge Zima, wabunge wote wanapopitia mswada kifungu kwa kifungu, huyohuyo anaweza kukataa kifungu kilekile alichokisifu.

Halafu kuna wanaojificha kwa kutofika. Kubadilisha Katiba kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233, si ya waliopo ukumbini. Kwa hiyo aliyebaki mkahawani ameukwamisha mswada sawa na aliyesema la, na kwenye mazishi atakuambia hakuupinga.