Tangi jipya la matumbawe: kutoka lita 120 hadi lita 400, Chumbageni, Tanga

Mwishoni mwa Februari

Nimeamua kuanza kuandika kwa sababu ya kipimajoto. Saa kumi na mbili asubuhi maji ya tangi yalikuwa nyuzi 28.6. Saa tisa alasiri, 31.4. Hiyo ni siku moja tu, na feni ilikuwa inapuliza juu ya maji tangu saa nne. Matumbawe laini yamejikunja kama ngumi, na samaki wangu wawili wa aina ya nemo wanahema juu juu karibu na pampu.

Anayeishi pwani hii anajua kaskazi inavyopasha maji, ila bahari hupanda taratibu na kushuka taratibu. Tangi la lita 120 sebuleni halina subira hiyo. Joto hata likizidi nyuzi moja tu juu ya kile tumbawe ilichozoea, likadumu kwa wiki kadhaa, tumbawe hufukuza vijimea vinavyoishi ndani ya nyama yake na kuilisha, nayo inabaki nyeupe. Ndivyo matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalivyopauka mwaka 1998. Sitaki kuliona jambo hilo likitokea sebuleni kwangu.

Kwa hiyo nahitaji maji mengi zaidi. Idadi ya samaki itabaki ileile, lakini maji yakiwa mengi hubadilika polepole: joto, chumvi, uchafu, vyote.

Machi, wiki ya pili

Mpango wa kwanza niliouchora: sentimita 150 kwa 60, kimo 60. Lita 540. Nikaupeleka kwa fundi wa vioo, mzee mmoja ambaye amejenga makabati ya duka mjini hapa kwa miaka mingi. Akautazama, akavua miwani.

"Shikamoo nimeipokea, mwanangu, lakini hiki kimo mbona kirefu hivi? Unafuga papa?"

Nikamweleza kwamba nataka maji mengi. Akaniambia nitumie urefu na upana, kimo nikiache. Nilipofika nyumbani nikakaa na kalamu na kuona kwamba yuko sahihi kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Msukumo wa maji kwenye kioo unafuata kina cha maji, wingi wake haujalishi. Ukipunguza kimo, kioo kinapumua. Tena maji hupata hewa na kupoa kupitia uso wake, na uso wa tangi la kimo 45 ni uleule wa tangi la kimo 60. Taa nayo haihitaji nguvu nyingi kufika chini. Na mkono wangu unafika kwenye mchanga bila kupanda kiti.

Vipimo vipya: 150 kwa 60 kwa 45. Likijaa hadi ukingoni ni lita 405. Nikiacha sentimita nne juu, kama lita 370. Chini ndani ya kabati litakaa tangi dogo la kuchujia, lita 80 hivi, ndimo itakamoingia skima (kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu) na pampu ya kurudisha maji.

Tulibishana kidogo juu ya unene. Yeye alitaka milimita 8, kioo anachotumia kwenye makabati. Nimeshikilia 12. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu litakuwa kilo 84 hivi. Ukiongeza maji, mawe, mchanga na chuma cha stendi, sakafu itabeba zaidi ya kilo 600. Nyumba yetu ni ya chini, sakafu ya zege juu ya ardhi, kwa hilo nalala usingizi. Ningekuwa ghorofani nisingeanza kabla ya kumwita mhandisi.

Jambo moja nililomsisitizia mzee: silikoni isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu. Dawa hiyo inaua. Tumekubaliana nitanunua mwenyewe na kumpelekea.

Machi, mwisho

Umeme. Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko pote, na ndipo nilipoumia.

Mwaka jana umeme ulikatika usiku tumelala. Asubuhi nikakuta kamba wote wamekufa na samaki mmoja ameelea. Joto halikuwaua, walikosa hewa. Maji ya vuguvugu yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na usiku hata vijimea vinavuta hewa badala ya kuitoa. Pampu zikisimama, saa chache zinatosha.

Hesabu ya sasa ni hii. Pampu ya kurudisha maji wati 40, pampu mbili za mawimbi wati 10 kila moja. Jumla 60. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo nina 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, zinabaki kama saa 8. Nikizima pampu kubwa na kuacha za mawimbi peke yake, usiku mzima unapita na asubuhi inakuta chaji. Taa na skima zitasubiri umeme urudi.

Mama Salma aliuliza kama betri hiyo inaweza pia kuwasha vitu vya jikoni, yaani taa, redio na chaji za simu. Nimemwahidi taa moja.

Kwa joto, feni mbili juu ya uso wa maji. Unyevu wa Tanga unapunguza kazi yake, lakini hata hivyo ninapata nyuzi mbili. Mashine ya kupoza maji ni ghali na inakula umeme. Nimeiacha nje ya mpango huu, ila bomba lake nitalitengea nafasi.

Feni inapoza kwa kukausha maji, na chumvi haikauki nayo. Tangi dogo linapoteza lita mbili kwa siku, hili jipya nakadiria sita. Lazima yarudishwe maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, la sivyo chumvi inapanda. Nitafunga boya kama la tangi la choo na pipa pembeni. Jirani yangu, mtu mwema sana, amenipa ndoo za maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi chake. Nimemshukuru na kumwagilia mchicha. Maji hayo yamepita kwenye shaba, na shaba hata chembe inaua kamba, konokono na tumbawe. Ya mvua kutoka kwenye bati yana zinki. Nitatumia yaliyochujwa kwa mashine, na nitayapima mwenyewe kabla.

Aprili, mvua zimeshika

Mawe. Sitoi jiwe hata moja baharini, wala tumbawe. Miamba ya Tanga imelipuliwa na baruti kwa miaka mingi, na tangu 2009 tuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale wa kina kirefu) hapa hapa. Vipande vyangu vya matumbawe nimepewa na kaka mmoja wa Dar es Salaam, ambaye hukata kutoka kwa yale anayoyakuza mwenyewe tangini. Nami nitamgawia mwingine yakikua.

Kwa hiyo natengeneza mawe kwa mikono. Saruji kopo moja, maganda ya chaza na kome yaliyopondwa makopo manne, chumvi ya mawe kopo moja. Maganda nimeyaomba Sahare kwa wanaouza, nikayachemsha, nikayaanika, nikayaponda kwenye kinu cha zamani cha bi mkubwa (kwa ruhusa yake, na sasa ni changu). Kazi yenyewe ina raha. Unachimba shimo kwenye mchanga mbichi, unalipatia umbo unalotaka, unamimina mchanganyiko mkavu-mkavu, unaingiza kidole kutengeneza mapango. Chumvi ikiyeyuka baadaye inaacha matundu, na kwenye matundu hayo ndiyo wataishi bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kutoka amonia kwenda naitraiti, kisha naitreti.

Nimepata mawe kumi na moja. Mawili yamevunjika nikiyatoa. Moja limetoka na dari kama pango la Amboni, hilo nimelipangia katikati kabisa.

Sasa yako kwenye pipa la maji. Saruji mbichi inapandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi 12, samaki hawezi kukaa humo hata dakika. Nabadilisha maji kila Jumapili. Kipimo cha wiki ya kwanza: 12. Cha pili: 11.

Mei, mwanzo

Stendi imekuja kutoka kwa mchomeleaji. Nimeweka pima maji pande zote nne: kona ya nyuma kulia iko chini milimita tatu. Nimemrudishia. Kioo hakina msamaha na stendi iliyoinama. Alikuwa anaona ni kitu kidogo, lakini amekata na kuchomea upya bila neno, Mungu ambariki.

Salma anataka samaki aitwaye kangaja wa buluu. Nimemwambia urefu wa sentimita 150 sasa unamruhusu kangaja mdogo kuogelea, lakini asiingie kabla tangi halijafikisha miezi sita. Anaumwa haraka madoa meupe maji yakiwa machanga. Amehesabu miezi kwa vidole na kuandika kwenye kalenda.

Mei, katikati

Maji ya bahari hayachotwi sasa. Masika inamwaga Zigi na Mkulumuzi baharini, na maji karibu na pwani yamekuwa mekundu na mepesi. Jana refraktomita, kipima chumvi changu, ilisoma 29 kwa sampuli ya ufuko wa Raskazone, nataka 35. Nasubiri Juni, kusi ikishatulia kwenye mkondo wake na mvua zimekata. Nitachota siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, alfajiri, mbali na bandari. Kwenye maji mafu bahari haisogei vya kutosha kuleta maji safi ya nje.

Tangi na chujio pamoja ni lita 450. Mawe na mchanga vitachukua nafasi kidogo, kwa hiyo madumu 22 ya lita 20 yanatosha. Kila dumu kilo 20 na ushei. Mwenye guta amekubali safari mbili. Maji yatakaa siku tatu gizani kwenye mapipa yaliyofunikwa, pampu ikizunguka, ili vidudu vidogo vife na kutuama, kisha nayapitisha kwenye kitambaa.

Tangi la zamani halitavunjwa siku hiyo. Yatatembea yote mawili sambamba wiki sita, nikihamisha kwanza jiwe moja la zamani lipeleke bakteria, halafu konokono, na nemo mwishoni kabisa.

Mei 27

Mawe: pH 8.9. Nataka yafike 8.4. Nimebadilisha maji leo asubuhi, nitapima tena Jumapili.