Chakula Usoni pa Maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni fupi, na wengi wetu tunalijua kwa moyo: "Tupa chakula chako usoni pa maji, maana utakiona baada ya siku nyingi" (Mhubiri 11:1).

Nianze na kosa langu mwenyewe. Majuma machache yaliyopita tulikwenda kuwaona wagonjwa kama kawaida yetu. Mama mmoja, kitanda cha dirishani, nilimpa Agano Jipya la Kiswahili. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka chini ya mto. Nikatoka wodini moyo mweupe. Jumapili iliyofuata nikalikuta palepale chini ya mto, kurasa zake bado zimegandana kingoni kama zilivyotoka kiwandani. Nesi akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole, "Baba, huyu mama ni Mrundi. Kiswahili anasikia cha sokoni tu. Kusoma anasoma Kirundi."

Sikuwa nimemuuliza. Nilimpa nilichokuwa nacho mkobani, basi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwawaza watu waliofanya kazi hii kabla yetu, hasa wale wa mji mmoja wa bandari. Mwezi Desemba 1809, watu wachache wa New York waliunda chama cha Biblia cha mji wao, New York Bible Society. Mji wenyewe wakati huo ulikuwa haujatimiza watu laki moja. Mmoja wa watu wake wa mwanzo alikuwa William Colgate, mtengeneza sabuni na mishumaa. Ndiyo, Colgate huyohuyo. Dawa ya meno ilikuja baada yake, lakini hapa kwetu mtu anaingia dukani akiomba "kolgeti" ya kampuni yoyote ile, na kwa hiyo jina la mzee huyo tunalo kinywani kila asubuhi bila kujua kwamba alikuwa mtu wa kugawa Biblia.

Kinachonishangaza ni kwamba mwaka uliofuata tu, 1810, chama hiki cha mji mmoja kilikuwa tayari kimetuma mchango Bengali, India, kumsaidia William Carey, fundi viatu wa Uingereza aliyekuwa akitafsiri Maandiko huko Serampore. Fikiria mwendo wa merikebu wa enzi zile, miezi na miezi baharini. Mtu anatoa sadaka yake New York, na hana namna ya kujua imefika au imezama. Na Machi 1812 nyumba ya uchapaji ya Carey ilishika moto. Karatasi, herufi za chapa na hati za tafsiri alizozihangaikia miaka mingi ziliteketea usiku mmoja. Carey akaketi akaanza upya. Sadaka ya New York ilikwenda kwenye karatasi ipi, ile iliyoungua au ile iliyosalia? Mungu ajua.

Mwaka 1816 kikaundwa chama cha taifa zima, American Bible Society, hapo hapo New York. Kikubwa kikachukua nchi, kidogo kikabaki na mji: mabaharia gatini, wafungwa, wagonjwa, wageni wa hotelini. Na baadaye, wahamiaji.

Hapa naomba tukae kidogo.

Kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, kisiwani, ndani ya bandari ya New York. Mpaka kilipofungwa mwaka 1954, watu wapatao milioni kumi na mbili walikuwa wamepita pale. Mwaka 1907 peke yake walizidi milioni moja, na siku moja ya Aprili mwaka huo walipita zaidi ya elfu kumi na moja. Wenye tiketi za bei kubwa walikaguliwa melini na kushuka zao. Wa daraja la tatu, wenye mabunda na watoto mgongoni, walivushwa hadi kisiwani wakapangwa mistari. Daktari aliwatazama wakipanda ngazi ili aone nani anahema. Mwingine aligeuza kope zao kutafuta trakoma, ugonjwa wa macho, na aliyekutwa nayo alikuwa hatarini kurudishwa alikotoka. Wengine waliwekwa katika hospitali ya kisiwani, mtoto huku, mama kule, wakisubiri.

Katika watu wale walikuwamo wafanyakazi wa chama cha Biblia cha mji, na mzigo wao ulikuwa vitabu vya lugha nyingi: Kiitalia, Kipolandi, Kijerumani, Kihungari, Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki) na nyingine. Sasa jiweke mahali pa mfanyakazi huyo. Hawezi kuhubiri, kwa sababu lugha za watu waliopo mbele yake hazijui, na hata angezijua muda hautoshi. Kabla hajaupeleka mkono kapuni lazima ajue kitu kimoja tu: huyu anasoma lugha gani? Akishajua hilo, anatoa kitabu, na mtu anakwenda zake kwenye kivuko au kwenye treni ya Pittsburgh au Chicago, na hawataonana tena duniani. Kazi yote imekwisha kwa dakika moja.

Nami nilikuwa na juma zima na mama yule, kitanda chake kikiwa hatua nne kutoka mlangoni, wala sikumuuliza.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Kazi ile ya kisiwani ilileta manung'uniko, na manung'uniko mengine yalikuwa na haki. Wayahudi waliokimbia mateso Urusi hawakufurahi kukutana mlangoni mwa nchi mpya na mtu anayewapa Agano Jipya, wakati wao wenyewe walikuwa wamewakimbia watu waliojiita Wakristo. Wakatoliki nao waliona wanawindwa. Mtu aliye katika mstari, anayeogopa kurudishwa, akipewa kitu na mtu mwenye koti safi, je, anaweza kukataa? Huenda hajui kama yule ni ofisa au si ofisa. Naiweka hapa kwa sababu wodini ni vivyo hivyo. Mgonjwa aliyelala hawezi kuondoka. Mama yule wa Kirundi alipokea kwa mikono miwili, na mikono ile miwili nikaisoma kuwa ni kiu ya Neno. Pengine ilikuwa ni adabu tu, kama alivyolelewa kwao.

Jambo jingine ni hesabu. Vyama vya Biblia tangu zamani vimependa kuhesabu: nakala ngapi, lugha ngapi, meli ngapi. Siwalaumu, maana anayetoa fedha anataka kujua imekwenda wapi. Na sisi pia, kila tukirudi hospitali, katibu wetu anafungua daftari: "Tumegawa ngapi leo?" Siku ile tuliandika kumi na moja, na kitabu cha chini ya mto ni kimojawapo. Najua mtaniletea Isaya 55:11, kwamba Neno la Bwana halimrudii bure. Naam, ni kweli. Ila mstari ule unalisema Neno linalotoka katika kinywa chake. Daftari la katibu wetu halikutajwa.

Nikiwa shuleni tuligawiwa yale Maagano Jipya madogo ya Wagideoni, wale wanaogawa Maandiko bure, wengi wenu mnayakumbuka. Mjomba wangu aliliomba la kwangu. Nilifurahi, nikadhani ameguswa. Kumbe zile karatasi nyembamba ndizo bora kabisa kwa kusokotea tumbaku. Nimesikia shuhuda za watu waliovuta Mathayo, wakavuta Marko na Luka, walipofika Yohana wakasoma kidogo wakaokoka. Zinafurahisha, na Mungu anaweza. Mjomba wangu alivuta hadi Warumi, na hakuokoka.

Turudi New York. Miaka ya 1920 chama kile cha mji kilikuwa na nyumba yake nzuri, namba 5 East 48th Street, katikati ya Manhattan. Mwaka 1967 kikajitwika gharama za kutafsiri Biblia upya katika Kiingereza cha watu wa sasa. Haikuwa kazi ya kuchapa vitabu na kuvigawa. Ilikuwa kuwalisha na kuwasafirisha wasomi waliobishana juu ya neno moja siku nzima, mwaka baada ya mwaka, bila nakala hata moja ya kuhesabu mwisho wa mwezi. Agano Jipya la tafsiri hiyo, iitwayo NIV (New International Version), lilitoka 1973, na Biblia nzima 1978. Mwaka huohuo wa 1978 nyumba ya 48th Street ikawa mali ya kanisa la Waswidi, na hadi leo ni kanisa lao. Chama chenyewe kikahama. Mwaka 1988 kilihamia Colorado Springs, mbali kabisa na bahari, kwa jina la International Bible Society, na tangu 2009, mwaka wake wa mia mbili, kinaitwa Biblica. Hata kile kikubwa, American Bible Society, kilihama New York mwaka 2015 kikaenda Philadelphia.

Nikiyatazama hayo nasikia huzuni kidogo, nikiri. Chama kilichozaliwa kwa ajili ya mji mmoja kimekuwa cha dunia, na mjini kwake hakipo tena. Wapo watakaosema huko ndiko kukua. Labda. Mimi namwaza baharia aliyeteremka gatini jana usiku.

Na bado, baada ya siku nyingi, chakula kimeonekana, na mahali kilipoonekana ni kwetu. Fungueni programu ya Biblia kwenye simu. Ukiacha Union Version ya 1952, ambayo wengi tumekua nayo na hatutaiacha, utakuta tafsiri inayoitwa Neno: Bibilia Takatifu. (Hiyo "Bibilia" yenye i ya ziada mimi bado haijanikaa mdomoni, lakini vijana wa kwetu wanaisoma na wanaielewa.) Teremka chini kabisa mahali pa hakimiliki, utasoma: Biblica. Ni chama kilekile cha watu wachache wa Desemba 1809. Mtengeneza sabuni yule angeambiwa kwamba siku moja binti wa Mbagala aliyesimama kwenye daladala atasoma Waraka wa Yakobo kwa Kiswahili kwenye kioo kidogo kiganjani, na kwamba fedha na jasho vilianzia kwenye kikao chao, nadhani angeuliza kwanza Kiswahili ni lugha ya wapi.

Mhubiri alisema utakiona baada ya siku nyingi, ila hakutaja ni ufuko upi. Mistari michache mbele anaongeza, "Asubuhi panda mbegu zako, wala jioni usiuzuie mkono wako; kwa maana wewe hujui ni zipi zitakazofanikiwa" (11:6). Neno hilo "hujui" linarudi katika sura hii tena na tena: hujui ni baya gani litakalokuwa juu ya nchi, hujui njia ya upepo, hujui kazi ya Mungu. Mtu aliyekiri hivyo ndiye anayeambiwa atupe, tena atupe asubuhi na jioni.

Lugha ya mtu, lakini, hiyo twaweza kuijua. Ni kuuliza tu.

Basi nilimpigia simu ndugu yetu mmoja aliyeko Kigoma, nikamwomba anitafutie Agano Jipya la Kirundi. Hakukawia. Jumanne kitabu kikafika kwa basi, kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na jina langu kwa kalamu ya wino mzito. Nikakiweka juu ya kabati nikiisubiri Jumapili, maana Jumapili ndiyo siku yetu ya wodi. Hata hilo sasa najiuliza kwa nini sikwenda Jumanne ileile.

Jumapili kitanda cha dirishani kilikuwa na binti wa Kisukuma aliyevunjika mguu. Mama alikuwa ameruhusiwa tangu Alhamisi. Nesi hakujua amekwenda wapi. Alikuja mwanamume mmoja na bajaji, wakaondoka. Nikamwachia nesi kile cha Kirundi, akakiweka kwenye droo ya meza yao pamoja na bandeji, akasema Warundi huwa wanakuja, hawakosekani.

Nikamwuliza kuhusu kile cha Kiswahili, kama kimebaki, nikichukue nimpe mwingine.

"Ah, hapana," akasema. "Kile aliondoka nacho."