Nilivyojifunza kuendesha gari nikiwa na miaka 56

Umri ambao wenzangu wengi wanahesabu miaka iliyobaki kustaafu ndio umri niliokamata usukani kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo sikuwa na haja nao. Mume wangu aliendesha, watoto walipokua nao wakaendesha, na safari za mjini nilienda kwa daladala, kisha kuanzia 2016 kwa mwendokasi, ambayo kwa mtu anayekaa Kimara ni msaada mkubwa. Kilichonisukuma ni presha ya macho. Mzee aligundulika nayo ikiwa imeshamla uoni wa pembeni, na ndivyo ugonjwa huo ulivyo: mbele unaona, gazeti unasoma, lakini bodaboda inayokuja ubavuni huioni mpaka iko mbele ya boneti. Daktari akamwambia suala la kuendesha liishe. Watoto wako mikoani, kliniki ni ya maisha, na gari limekaa uani. Nikaona huyo dereva tunayemtafuta ni mimi.

Shule ya kwanza sikudumu nayo. Tulipandishwa wanafunzi wanne kwenye gari moja, mmoja kwenye usukani, watatu nyuma wanasubiri zamu. Wenzangu walikuwa vijana, baadhi wameshaendesha bodaboda, kwa hiyo barabara wanaijua. Mwalimu alifundisha kwa amri: kanyaga, achia, weka mbili, kata kona. Kijana amri hizo zinamtosha, mwili unazoea wenyewe. Mimi nilitaka kwanza nijue ninachokanyaga ni kitu gani, na maswali yangu yakawa yanakula muda wa wengine. Nikatafuta mahali ambapo mtu analipia saa yake peke yake. Ni ghali zaidi, lakini kwa mwanafunzi mtu mzima hiyo ndiyo pesa ya kwanza kutolewa, hata ikibidi kupunguza masomo yenyewe.

Halafu kuna woga, na hapa nataka niseme wazi kwa sababu wengi wanaukimbia. Kijana anaogopa kufeli mtihani. Mtu mzima anaogopa kumgonga mtoto wa mtu. Ameshakaa kwenye misiba ya ajali, ameshaona familia inavyobaki. Kumwambia "usiogope, mama, ni rahisi tu" hakumsaidii, maana anachokiogopa ni kweli kipo. Mimi woga wangu ulipungua kila nilipoelewa sababu ya jambo, na haukupungua kwa njia nyingine yoyote.

Mwalimu wa pili alilielewa hilo upesi. Naye alikuwa kijana. Aliniita mama, mimi nikamwita mwalimu. Gari letu ni Corolla ya zamani, ya gia za mkono, hivyo klachi haikwepeki. Siku tuliyoanza nilimwomba asiwashe gari kabla hajanieleza klachi inafanya nini. Akaenda kwa mama ntilie wa jirani akaazima sahani mbili za bati. Akaziweka moja juu ya nyingine, akaanza kuizungusha ya juu.

"Hii ya juu ni injini, mama, inazunguka muda wote. Ya chini inakwenda kwenye matairi. Ukikanyaga klachi umezitenganisha. Ukiachia, zinagusana. Sasa moja inazunguka, nyingine imesimama, ukizigusisha ghafla itakuwaje?"

"Zitakwama."

"Basi hapo ndipo gari linazima. Ukizigusisha taratibu, ya juu inaivuta ya chini, mwisho zinazunguka pamoja."

Tulipowasha gari somo zima likawa hapo hapo tulipoegesha. Nakanyaga klachi hadi chini, naweka namba moja, kisha naanza kuuinua mguu polepole. Mahali fulani sauti ya injini inashuka, boneti inanyanyuka kidogo sana, na mtetemo unaufikia usukani. Hapo klachi imeanza kushika. Mwalimu alitaka mguu usimame hapo hapo, usipande wala usishuke, kisha nikanyage tena. Nilirudia mpaka kifundo kikauma. Baada ya hapo kuondoka na gari hakukunisumbua, na kuondoka mlimani, ambako Kimara hakukwepeki maana mitaa yetu imejaa miinuko ya vumbi na mifereji ya mvua, kukawa jambo la mpangilio tu: hendibreki juu, namba moja, mafuta kidogo, achia klachi mpaka boneti inyanyuke, ndipo hendibreki ishuke. Gari halirudi nyuma hata unyayo.

Mzee nilimweka kiti cha nyuma. Aliye ubavuni mwa mwenye leseni ya kujifunzia lazima awe dereva anayeweza kunisaidia nikikwama, na kwa hali ya macho yake kiti hicho kilikuwa cha mwalimu. Lakini masikio yake hayajaguswa na ugonjwa. Ameendesha gari hilo miaka mingi, na sauti zake anazijua zote. Nikichelewa kubadilisha, nasikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini: "Linaomba gia, mama." Nikiwahi mno: "Mrudishe mbili, anachoka." Mwalimu alikuwa anatabasamu anamwachia. Sikuwahi kuitazama mita ili nijue nibadilishe lini, na sasa nadhani hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu macho yanabaki barabarani. Na yeye, ambaye tangu aambiwe aache gari alikuwa hataki hata kulifuta vumbi, akaanza kuamka kabla yangu siku za somo na kukagua maji ya rejeta na oili.

Barabara kubwa tuliianza Jumapili saa moja asubuhi, foleni ikiwa bado imelala. Kimara kwenda Kibaha ni njia nane, kuna nafasi ya kutosha ya mgeni kukaa kushoto na kupumua. Huko ndiko mwalimu alinifundisha hesabu ambayo sitaisahau. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho kwenye maeneo ya makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukishtuka, inaweza kupita sekunde nzima kabla mguu haujafika kwenye breki. Kwa hiyo gari limeshakwenda mita hizo 14 kabla halijaanza hata kupunguza. Tangu siku hiyo nachagua nguzo mbele, aliyenitangulia akiipita nahesabu sekunde tatu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Nikiifikia kabla sijamaliza, nimemkaribia mno. Wapo watakaoingia kwenye nafasi hiyo. Waache waingie, narudi nyuma nahesabu upya.

Bodaboda ndizo zilizonichukulia muda mrefu. Haitoshi kutazama saitimira, maana kuna sehemu ya ubavu ambayo kioo hakiioni. Lazima shingo igeuke kabla ya kukata kona, hasa kushoto, ambako hupita kati yako na ukingo wa barabara. Mume wangu ubavu wake hauoni kwa ugonjwa, mimi wangu hauoni kwa kioo, na dawa ya wangu ni kugeuza shingo tu.

Mtihani wa trafiki sina mengi ya kuusimulia. Alama za barabarani, kupaki kwa rivasi, kuzunguka mitaani na askari pembeni. Nikapita, nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole TRA, leseni ikatoka, daraja D, la magari ya binafsi.

Siku ya kliniki huwa tunaondoka mapema. Morogoro Road, daraja la juu la Kijazi pale Ubungo, Sam Nujoma hadi Mwenge, kisha tunashuka kuelekea Msasani. Mzee anakaa kushoto kwangu na kadi yake mkononi. Huko huko kliniki nami nilipimwa presha ya macho, na namwomba kila aliyevuka miaka 40 afanye hivyo, awe anaendesha au haendeshi, kwa sababu ugonjwa huo mara nyingi hauumi na kinacholiwa hakirudi. Yangu yako sawa. Usiku hata hivyo siendeshi nikiweza kuepuka: macho ya umri wangu yakipigwa na taa za mbele yanachelewa kurudi, na nje ya mji kuna malori yaliyoharibika yanaachwa barabarani bila hata kiakisi.

Imebaki safari ya Morogoro. Ukishaipita Kibaha njia inabana, na kuovateki lori refu ni somo ambalo mjini halifundishiki. Nimeshaongea na mwalimu anisindikize mchana, siku ya katikati ya wiki, kiangazi, barabara ikiwa kavu. Mzee amesema kiti cha nyuma ni chake.