Maji ya Loire Yanapokupwa

Aprili 27, usiku

Ni saa tatu na robo usiku na jua ndiyo kwanza limezama. Nimetoka kuswali Magharibi sasa hivi, mkeka umeelekezwa dirishani, anga bado ina rangi ya machungwa. Kwetu Kilwa Kivinje ni saa nne na robo, watu wameshakula na kuswali Isha, na mvua ya masika pengine inapiga mabati. Mji huu wa Nantes uko magharibi kabisa mwa Ufaransa, ndiyo maana jua linachelewa kuuacha. Mdogo wangu, mwaka wa tatu huu anafanya kazi hapa, ananiambia ikifika Juni Isha inasogea mpaka karibu na usiku wa manane.

Nimefika mchana kwa treni kutoka Paris, mwendo wa saa mbili na kidogo kutoka stesheni ya Montparnasse. Begi moja lilikuwa la nguo, jingine la korosho ambazo mama alizibangua na kuzikaanga mwenyewe. Ukitokea mlango wa kaskazini wa stesheni, bustani iko ng'ambo tu ya barabara, wanaiita Jardin des Plantes. Tulikuwa twende nyumbani kwanza. Lakini mdogo wangu alinitazama akasema, "Dada, tukae kidogo," tukaingia na mabegi yetu, tukakaa mpaka Alasiri.

Kiswahili hakina jina lililozaliwa pwani kwa majira haya. Tuna masika na vuli, tuna kipupwe, tuna kaskazi na kusi. Vitabuni tunaandika majira ya machipuko, na mimi nimeliandika neno hilo ubaoni mara nyingi bila kuwa na picha yake kichwani. Leo nimeipata. Kijani cha majani ya hapa ni kile cha mpunga ukiwa na wiki mbili, kichanga, kinang'aa, na kiko juu ya miti mikubwa kama mikwaju yetu. Mwembe hauwi mtupu hata siku moja, kwa hiyo sikuwahi kufikiri mti wa miaka mia unaweza kuanza upya hivi. Na watu! Kwetu tunalikimbia jua, tunasogeza jamvi kufuata kivuli. Hapa wanasogeza viti kufuata jua, wamefumba macho, mikono imelazwa magotini. Nilimwona mzee mmoja amehamisha kiti chake mara tatu.

Nilisoma kabla ya kuja kwamba mwaka 1726 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 15, aliwaamuru manahodha wa Nantes warudi na mbegu na miche kutoka nchi za mbali, kwa ajili ya bustani iliyoitangulia hii. Na wengi katika manahodha hao kazi yao ilikuwa kusafirisha watumwa, hilo nalifundisha kidato cha pili kila mwaka. Nilikaa chini ya maua nikalijua hilo, na maua hayakupungua uzuri. Sijui nitafanya nini na mambo haya mawili.

Aprili 28

Siku ndefu, miguu inauma, nitaandika machache.

Asubuhi tulikuwa kwenye ngome ya watawala wa zamani wa Bretagne. Ina handaki la maji kuizunguka, na Anne wa Bretagne, aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa mara mbili kwa wafalme wawili, alizaliwa humo mwaka 1477. Ndani ni makumbusho ya historia ya mji. Vyumba vya karne ya 18 ndivyo vilivyonishika. Kuna vitambaa vya pamba vilivyopigwa chapa za maua, wanaviita indiennes kwa sababu waliiga vya India, na Nantes ilikuwa na viwanda vya kuvitengeneza. Vilipakiwa melini, vikashushwa pwani ya Afrika Magharibi, vikabadilishwa na watu. Mimi ni mtoto wa kanga. Nimezaliwa nikafunikwa kanga, nitakapokufa watanifunika kanga kabla ya sanda. Nilipoyaona yale maua mekundu, na pindo lake limepangwa vizuri, mkono wangu ulitaka kugusa kioo kabla akili haijasoma maelezo.

Chumba cha jirani kuna mchoro wa meli ya hapa, Marie-Séraphique, iliyokwenda pwani ya Loango, kaskazini ya mdomo wa mto Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1760 ikachukua watu zaidi ya 300. Ameichora mtu aliyeijua meli vizuri. Kila pipa limechorwa, na watu nao wamechorwa, wamepangwa safu kwa safu kama vifungo kwenye kadi ya fundi cherehani. Mdogo wangu alitoka nje. Mimi nilibaki, maana ndiyo kazi yangu, lakini sikubaki sana.

Mchana tukapita Île Feydeau. Jina linasema kisiwa, na kilikuwa kisiwa kweli mpaka mikono ya mto ilipofukiwa miaka ya 1920 na 1930. Wenye meli walijenga majumba yao hapo, na kwa kuwa chini ni mchanga, baadhi ya majumba yameinama mpaka unayaona kwa macho. Juu ya madirisha kuna nyuso za kuchonga kwenye mawe, nyingine za miungu ya bahari, nyingine za Waafrika. Jules Verne alizaliwa kisiwani hapo mwaka 1828. Riwaya iliyompa jina, ya mwaka 1863, inaanza safari yake ya puto Zanzibar, na mwenyewe hakuwahi kuiona pwani yetu.

Jioni tukamtazama tembo wa mitambo kwenye kisiwa cha viwanda vya zamani vya meli, mbao na chuma, urefu wake kwenda juu mita 12, anatembea na abiria mgongoni na kuwarushia watoto maji kwa mkonga. Watoto walilowa na wakataka kulowa tena.

Aprili 29

Leo nimekwenda peke yangu. Mdogo wangu alikuwa kazini, na nadhani ilikuwa afadhali.

Quai de la Fosse ni barabara ya kando ya mto, ndipo zilipokuwa zikifunga meli. Mwaka 2012 mji ulifungua hapo kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa. Usitarajie sanamu. Ukifika unaona uwanja mrefu ulio wazi, nyasi, miti, watu wanapita na baiskeli. Kisha unatazama chini. Ardhini wamepachika vibao vidogo vya kioo, 2,000, vimetawanyika kama vipande vya sahani kwenye ufuo wa Kilwa Kisiwani maji yakishakupwa. Vibao 1,710 vina majina ya meli za Nantes na miaka ya safari zake. Vile 290 vina majina ya bandari: walikonunuliwa watu, walikopitishwa, walikouzwa.

Nilianza kusoma kwa mwendo wa kawaida. Majina ya wanawake, ya watakatifu, ya tabia njema ambazo mzazi angependa mwanawe awe nazo. Baada ya muda nikagundua kwamba nimekuwa nikitembea kama mtu aliye makaburini, nikikwepa kukanyaga. Wengine walikuwa wakikanyaga, siyo kwa dharau, walikuwa wanawahi tramu tu. Nantes ilituma safari za namna hii zaidi ya bandari nyingine yoyote ya Ufaransa, karibu 1,800, na waliopakiwa wanakadiriwa kuwa nusu milioni na zaidi. Meli ina jina na mwaka. Aliyekuwa ndani yake hana. Si kosa la waliojenga, kwa kuwa daftari za wenye meli ziliandika kilichokuwa na thamani machoni pao, na jina la mtu aliyepakiwa halikuwamo. Lakini nilipokuwa naipita ile mistari ya kioo, hilo ndilo lililonibana kifuani kuliko idadi yoyote.

Nilikuwa natafuta Kilwa.

Tarehe 14 Septemba 1776 sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa mmoja mfanyabiashara, Jean-Vincent Morice. Alimwahidi watu 1,000 kila mwaka, piastre 20, sarafu za fedha za siku hizo, kwa kila mtu, na yeye sultani zawadi ya piastre mbili kwa kila kichwa. Walikuwa wakipelekwa Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion, kwenye mashamba. Wanafunzi wangu wananiuliza kila mwaka: mwalimu, kwani sultani alikuwa mtu wa wapi? Nawajibu: wa hapa. Kimya kinachofuata darasani nakifahamu vizuri. Ni rahisi kulisimulia jambo hili likiwa la Waarabu na Wazungu. Likifika kwenye mkono wetu sisi wa pwani, uliopokea zile piastre mbili, sauti zinashuka.

Sikuiona Kilwa katika vibao nilivyosoma, na sikuvisoma vyote. Macho yalianza kuchoka, nikashuka chini.

Chini ni ukumbi mrefu wa zege, uko usawa wa maji, umefunguliwa upande wa mto. Neno uhuru limeandikwa kwa lugha karibu hamsini. Kuna maneno ya waliofungwa na ya waliopinga, yamechorwa kwenye vioo virefu vilivyoinama. Kuna baridi humo hata siku ya jua. Nilisoma nikafika kwenye tarehe ya Aprili 27, 1848, siku Ufaransa ilipoukomesha utumwa kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1794, na Napoléon akaurudisha mwaka 1802. Juzi niliposhuka kwenye treni ilikuwa tarehe ileile, wala sikukumbuka, nilikuwa nahangaika na begi la korosho. Na baada ya 1848 meli za Kifaransa ziliendelea kuja Kilwa. Waliwanunua watu, wakawaita vibarua huru, wakawapeleka Réunion.

Nikageukia mto. Niliposhuka sikuwa nimeutazama kwa makini. Sasa nikaona ukutani mstari wa unyevu, juu ya kimo changu, na chini yake tope jeusi linang'aa. Maji yalikuwa yamekupwa. Bahari inaisukuma Loire mpaka hapa, inakupwa na kujaa kama hori la Kivinje, na harufu ni ileile ya tope la mikoko, ya chumvi na majani yaliyooza. Sikuitegemea kabisa. Nililia pale, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeshika ukingo. Mama mmoja wa Kifaransa alisimama hatua chache kutoka kwangu, hakusema neno, akabaki mpaka nilipojifuta uso, kisha akaenda zake. Mungu ambariki.

Ng'ambo ya mto kuna mahakama, jengo kubwa jeusi, na daraja la waenda kwa miguu lina jina la Victor Schœlcher, aliyeisukuma amri ya 1848. Nilivuka nikarudi.

Mji huu umefanya jambo ambalo mji wangu haujafanya, nalisema kwa moyo mzito na bila kuudogosha mji wangu. Kilwa Kisiwani imo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Tunawapeleka wageni kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, tunawasimulia dhahabu ya Sofala na safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331. Ni haki yetu kujivunia. Lakini Kivinje, ambako misafara ya kutoka Nyasa ilimalizikia, hatujaweka hata jiwe moja la kuwataja walioletwa.

Mei 1

Mei Mosi. Nyumbani kuna maandamano na wafanyakazi bora wanapewa zawadi zao. Hapa watu wanapeana kijiti kimoja cha ua jeupe, vikengele vidogo vimeinamisha kichwa, wanaliita muguet. Watoto wameweka meza mitaani wanaliuza. Sehemu kubwa ya muguet inayouzwa Ufaransa inalimwa mashambani kuuzunguka mji huu. Harufu yake ni safi, haina ukali wa asumini, lakini nilipolinusa niliwaza kikuba. Mdogo wangu alinunua vijiti viwili, kimoja akanipa mimi na kingine akamgongea jirani yake, mzee anayeishi peke yake. Mimi nikamwongezea korosho. Alizila papo hapo mlangoni.

Mchana nilimpigia mama. Aliuliza kama kuna baridi, kama tunakula, kama mdogo wangu amekonda. Nikamjibu yote. Halafu nikamweleza habari ya vile vibao, meli kuwa na majina na watu kukosa.

Bibi yetu alikuwa akiulizwa kwao ni wapi, anajibu, "Sisi tumetoka bara," na mazungumzo yanaishia hapo. Tulikua tukijua kwamba hilo si swali la kurudiwa. Bibi yake bibi ndiye aliyekuja na msafara, mtoto mdogo, kutoka upande wa Nyasa, akabaki Kivinje. Hilo nililipata kwa vipande vipande nikiwa mtu mzima. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, bibi mwenyewe alizaliwa miaka michache tu baadaye, na neno lile bado lilikuwa tusi la watoto uwanjani nilipokuwa shule ya msingi.

Nikasema, "Mama, yule bibi yake bibi alikuwa anaitwa nani?"

Mama akanyamaza. Nilisikia mvua upande wake, na jogoo.

"Unataka kumweka wapi?" akauliza.

"Popote utakaporidhia, mama. Kwanza nimjue."

Akanyamaza tena, akaniambia nikae vizuri, kama vile ananiona. Kisha akalitaja. Si jina la Kiswahili. Nilimwomba alirudie, nikaliandika herufi kwa herufi ukurasa wa kwanza wa daftari hili, nikamsomea, akanisahihisha irabu moja. Hapa sitaliandika mpaka aseme.

Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni anasikiliza, kijiti cha muguet mkononi. Alichukua kalamu, akaliandika na yeye kwenye kiganja chake, tukateremka kwenda mtoni kabla ya Alasiri. Maji yalikuwa yanajaa.