Tarbushi, Pama na Chapeo: Kofia za Askari wa Zamani

Ninapopewa picha ya zamani ya askari wa Afrika Mashariki, jicho langu haliendi kwenye bunduki bali kwenye kofia, kwa sababu kofia humweleza aliyeivaa kuliko kitu kingine chochote mwilini mwake: ametumikia serikali ipi, katika vita vipi, na zaidi ya hayo, amewekwa katika daraja gani. Nasikitika kwamba waandishi wetu wengi, wanapoandika maelezo ya picha hizo, huziita zote "kofia" na kupita, ilhali Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuzitenganisha.

Nianze na tarbushi, ile kofia nyekundu ndefu isiyo na ukingo, yenye bapa juu na shada jeusi linaloning'inia upande mmoja. Hutengenezwa kwa sufu iliyofumwa, ikakandwa katika maji moto hadi nyuzi zikagandamana na kuwa kitambaa kizito, kisha ikatiwa rangi. Jeshi la Dola ya Uthmaniya liliichukua baada ya Sultani Mahmud wa Pili kulivunja jeshi la Janisari mwaka 1826, na kutokuwa na ukingo hakukuwa suala la urembo, kwani mwenye kuswali huweza kusujudu na paji lake likagusa ardhi bila kuivua. Kutoka kwa Waturuki ilienda Misri, na kutoka Misri ikawafikia wanajeshi Wasudani waliokuwa chini ya serikali ya Cairo.

Hao Wasudani ndio walioileta kwetu kama kofia ya kijeshi. Mahdi, kiongozi wa dini aliyeiasi serikali hiyo ya Cairo, alipoitwaa Khartoum mwaka 1885, wanajeshi wengi walibaki bila jeshi la kulitumikia, na mwaka 1889 Hermann von Wissmann, ofisa wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliwaajiri mamia yao huko Cairo ili aje kupigana na Abushiri katika pwani ya Tanganyika. Mwaka 1891 Frederick Lugard, ofisa Mwingereza, naye aliwachukua Wasudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda. Mdachi na Mwingereza, kila mmoja kwa njia yake, wakajikuta na askari wa aina moja, na kofia yao ikawa kielelezo kwa walioandikishwa baadaye, wakiwemo Wanyamwezi na Wasukuma ambao mababu zao hawakuwahi kuivaa.

Hata hivyo, tarbushi nyekundu haifai porini, maana huonekana kutoka mbali na haina kivuli. Wadachi walitatua nusu ya tatizo hilo. Askari wao wa vitani alivaa tarbushi ya umbo lilelile iliyojengwa juu ya kiunzi cha fito nyembamba zilizosukwa, ikavishwa kitambaa cha kaki, ikabandikwa tai wa madini meupe kwenye paji, na nyuma yake likashonewa pazia la kufunika shingo. Ile nyekundu yenye shada ilibaki kwa ajili ya matembezi. Waingereza, walipounda King's African Rifles mwaka 1902, walikuwa na tarbushi pia, lakini picha nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia huonyesha kikofia kifupi cha duara kilichokaa kichwani kama kopo, nacho kikiwa na pazia la shingo, na mara nyingine namba ya batalioni mbele kwa tarakimu za Kiarabu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann hapo awali, ina pazia hilo la shingoni, na anayepita Mtaa wa Samora anaweza kulitazama akizunguka nyuma yake.

Nimesema nusu ya tatizo, kwa kuwa pazia hukinga kisogo tu, na macho hubaki wazi mbele ya jua. Ofisa Mzungu aliyesimama hatua mbili kutoka kwa askari huyo alivaa helmeti ya jua, nyepesi, yenye ukingo pande zote. Imezoeleka kuelezwa kwamba Mwafrika alikuwa amezoea jua, maelezo ambayo mimi siyapokei, kwa kuwa anayelenga shabaha huhitaji kivuli machoni awe wa rangi yoyote. Ukingo ulikuwa alama ya cheo. Waliolielewa jambo hilo upesi ni wachezaji wa ngoma ya beni, wale wa vyama vya Marini na Arinoti, waliojipa vyeo vya kijeshi na kuvaa sare za kiofisa huku mji mzima ukiwatazama. Na kwa hamali wa vita, ambaye jina la kikosi chake, Carrier Corps, limetuachia Kariakoo, hapakuwa hata na mjadala: kichwani mwake palikaa kata, na juu ya kata mzigo.

Askari wa kawaida alipata ukingo katika Vita vya Pili. Picha za Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, zinawaonyesha watu wetu wakiwa na kofia ya pama, yaani kofia laini yenye ukingo mpana, ambayo upande mmoja wake ulikunjwa juu na kubanwa ili usigongane na bunduki inapowekwa begani. Tarbushi haikufa, ilirudi kambini kuwa vazi la gwaride, pamoja na mshipi mwekundu wa kiunoni, hadi majeshi ya uhuru yalipoiacha na kuchagua bereti.

Neno linalonisumbua zaidi ni chapeo. Lilitoka kwa Wareno, ambao kwao ni kofia yoyote, lakini kwetu limebaki na maana ya kofia ngumu ya vita, na wasomaji wengi wamelipata katika Waraka kwa Waefeso, "chapeo ya wokovu". Kwa hiyo kuiita tarbushi chapeo ni kosa, na kuiita pama chapeo ni kosa vilevile. Chapeo ni ile ya chuma. Kilemba nacho kina mahali pake katika orodha ya kijeshi, wala si cha masheikh peke yao: polisi wa kikabila wa kaskazini mwa Kenya, walioitwa Dubas, walipata jina hilo kutokana na maneno ya Kisomali yenye maana ya kilemba chekundu, nao walikivaa pamoja na nguo nyeupe na mkanda wa risasi kifuani.