Jinsi nilivyokataa vitanda 60

Mimi ni muuguzi. Nimezalisha akina mama miaka kumi na tisa, na rula niliyozoea ni ile ya kupigia mistari kwenye rejista. Kwa hiyo daktari msimamizi aliponiita na kusema, "Sista, jengo jipya la uzazi limeingia kwenye bajeti ya kaunti, wewe ndiye utaandika brifu," ilibidi nimuulize brifu ni mnyama gani. Akanieleza ni hati ya kumwambia msanifu majengo tunataka nini kabla hajashika kalamu. Nikajisemea: hiyo tu? Siku mbili nimemaliza.

Hospitali yetu ni ya kaunti ndogo, huku tambarare za Kano, Kisumu. Tangu serikali ilipoondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, leba yetu haijapumua. Kina mama wawili kitanda kimoja, mwingine chini na mkeka wake.

Washauri hawakukosekana. Mzee mmoja aliyewahi kukaa kwenye kamati ya hospitali nyingine aliniambia, "Omba vitanda 60. Watakata, utabaki na 40. Ukiomba 30 watakupa 15." Mwingine akanitumia kwa simu brifu ya hospitali ya mbali, akasema nibadilishe jina la kaunti tu. Nami nikabadilisha! Kurasa 41, nikazipiga chapa, nikaziweka kwenye faili ya kijani, nikajiona profesa.

Msanifu wa kaunti, binti mdogo mwenye viatu vya matope, aliisoma mbele yangu bila kucheka, jambo ambalo mpaka leo namshukuru. "Sista, umeandika 'wodi ya kisasa' mara kumi na nne. Pia umeomba mitambo ya kupasha wodi joto." Kano! Mahali ambapo saa tisa mchana hata mbuzi anatafuta kivuli. Halafu akaniuliza swali lililonitoa jasho: "Mama akishuka kwenye bodaboda saa nane usiku, anapita wapi mpaka ajifungue? Na kondo la nyuma linapita wapi?"

Nikarudi nyumbani na faili yangu ya kijani.

Nilinunua daftari la shilingi sitini hivi, nikakesha usiku tatu pale leba, si kufanya kazi, kuangalia tu. (Wenzangu walinichukia.) Kila aliyepita nilimchora mshale. Asubuhi ya kwanza ukurasa ulifanana na kiota cha ndege, lakini mambo mawili yaliruka machoni. Ndoo ya kondo ilikuwa inapitishwa mbele ya benchi walikoketi kina mama wakinywa uji. Na kati ya wale waliolala wawili wawili, wengi walikuwa wameshapona na kuruhusiwa kwenda: walingoja karatasi itiwe sahihi au mume afike na nauli. Kitanda kimeshikwa na mtu mwenye kibeti mkononi.

Hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka zile 60. Nikakaa na karani wa rekodi tukapiga hesabu. Tulikuwa tunazalisha kama 210 kwa mwezi, 30 kati yao kwa upasuaji. Waliojifungua kawaida tukawapa siku 2, wa upasuaji siku 3. Hizo ni siku 450 za kitanda. Gawanya kwa siku 30 za mwezi unapata vitanda 15. Huwezi kupanga kitanda kisipumzike, maana watoto hawaji kwa ratiba, basi robo iwe wazi: 20. Ongeza 6 vya wanaolazwa kabla ya kujifungua. Jumla 26. Yule mzee nilipomwambia alinitazama kama niliyeuza shamba la ukoo. Lakini vitanda 60 na wauguzi wawili wa zamu ya usiku, nani atamsikia mama anayevuja damu kule mwisho? Nafasi iliyobaki niliiombea chumba cha kungojea kwenda nyumbani, chumba cha kangaruu, ambako mama humbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, na chumba cha kumwagia uchafu chenye mlango wake wa nyuma.

Sasa vipimo. Vile nilivyonakili vilisema korido iwe mita moja na nusu na milango mita moja na robo kasoro kidogo. Mimi mita siielewi kichwani, naielewa miguuni. Nikaenda shule jirani, nikamwomba mwalimu wa michezo chokaa ya kuchorea uwanja wa mpira. Tukachora jengo zima kwenye nyasi nyuma ya hospitali: korido, leba, thieta ya upasuaji, kila kitu ukubwa wake halisi. Tukaleta kitanda chenye magurudumu. Karani wa rekodi, mtu mwenye kilo zake, akajitolea kuwa mama mwenye mapacha, tukamfunika shuka, tukamtundikia dripu. Basi alivyopiga mayowe! Jamaa za wagonjwa wakajaa, mama muuza njugu akahamishia biashara pale.

Tukasukuma mbio kama dharura. Kufika mlango wa thieta, kona, kitanda kikagoma. Kichwa kimekanyaga ukuta wa chokaa huku, miguu imeingia stoo ya shuka kule. Tukarudi nyuma, tukajaribu tena, tukavunja ukuta uleule. Mara ya tatu karani akainuka na kusema, "Niacheni nijifungulie hapa hapa." Msanifu alikuwa amesimama pembeni akipiga picha. Alifuta chokaa kwa kiatu, akachora upya korido ya mita 2.4 na mlango wa mabawa mawili. Kikapita na wauguzi pande zote mbili. Mchezo wote, pamoja na soda za vijana, haukufika elfu tatu.

Siku hiyohiyo mlinzi wetu, mzee aliyezaliwa maeneo hayo, alituvuta kando na kutuonyesha doa la kahawia kwenye ukuta wa stoo ya zamani, karibu na goti langu. "Hapo ndipo mafuriko ya mto Nyando yalifika." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tukaliandika: sakafu iwe juu ya doa lile, na njia ya kupanda iwe ya mteremko, si ngazi. Alitukumbusha pia kwamba upepo wa alasiri huku hutoka ziwani, na mimi nilikuwa nimeweka kichomea taka upande huohuo wa ziwa. Moshi wote ungeingia kwa watoto wachanga.

Brifu ya pili ilikuwa kurasa 12, neno "kisasa" halimo. Tulipoisoma kwenye kikao cha wananchi, wamama waliongeza kitu kimoja tu, bafu lenye maji moto, na nikajiuliza mimi mzazi wa watatu nililisahauje.

Michoro ilikuja, nikaipitia kwa fahari, nikatia sahihi. Kesho yake dada wa zamu ya usiku akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Sista, sisi choo chetu kiko wapi?"

Kilipatikana baadaye, kwa kukata nusu ya stoo ya shuka.