Siku moja na mawazo ya watu, Bukavu

Saa kumi na mbili asubuhi. Kura, yaani umeme, imekatika tangu usiku. Chai, mkate, kisha pikipiki mpaka karibu na soko la Kadutu kabla mvua haijageuza mteremko kuwa tope.

Saa mbili. Kituo cha afya. Mimi si daktari, ni msaidizi wa kisaikolojia. Natumia tiba ya mawazo na mienendo, ambayo Aaron Beck aliiasisi Philadelphia miaka ya 1960.

Saa tatu na nusu. Anaingia mama muuza sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu (mambo yake nimeyageuza asitambulike). "Mwanangu, simu ya binti yangu haipiti tangu jana. Amekufa." Hajala, moyo unamwenda mbio, sokoni hakwenda. Simwambii "usiwaze hivyo, mama". Ndugu zake wamemwimbia hivyo mpaka wamechoka. Namwuliza: hofu iko ngapi kwa kumi? Tisa. Na siku zingine simu isipopita, huwa kuna nini? Ananyamaza. "Kura. Mara moja alikuwa ameiuza simu!" Anacheka mwenyewe. Hofu? Tano. Sifuri siitafuti. Tunapatana ampigie jirani wa binti, kisha aende sokoni hata saa moja tu, maana kujifungia ndani ndiko kunakoilisha hofu.

Saa sita. Bugali na sombe, majani ya muhogo.

Saa saba. Kikundi cha akina mama. Tiba ya aina hii ilijaribiwa mashariki mwa Congo kwa wanawake waliotendewa ukatili wa kingono, matokeo yakachapishwa 2013: kikao 1 cha peke yako, 11 vya kikundi, viongozi wakiwa wasaidizi kama sisi. Huzuni na hofu zilipungua kuliko kwa waliopata msaada wa kawaida. Wengi hawakujua kusoma, mazoezi wakayashika kichwani.

Saa tisa. Baba anasema: "Nitafukuzwa nyumbani." Ni kweli, kodi inamdai. Wengine hudhani kazi yetu ni kumwonyesha kila mtu kwamba hofu yake ni ya uongo. Hapa Bukavu ungeonekana mjinga. Wazo la kweli halibishiwi: tunapanga atazungumza na mwenye nyumba lini, na atatanguliza kiasi gani. Ila nyuma yake amefungia wazo lingine: "Mimi si mwanaume tena." Hilo ndilo tunaliita mbele lilete ushahidi.

Saa kumi na moja. Msimamizi anapiga simu, tunapitia kesi moja moja. Anataka yule baba aandike mawazo yake kila jioni. Namwambia hasomi, atayashika kichwani, na Alhamisi tutayapanga pamoja.